Sayansi ya dunia darasani: maswali ya wanafunzi wa sekondari, wazazi na walimu wapya

Nafundisha jiografia sekondari, na maswali haya hunirudia kila mwaka. Mengine yanatoka kwa wanafunzi mada ya miamba inapoanza, mengine kwa wazazi siku ya kikao, mengine kwa walimu wanaokuja kwa mazoezi. Nimejibu kwa mifano ya Tanzania kwa sababu ndiyo ardhi ninayoikanyaga. Aliye Kenya, Uganda au Kongo asijione mgeni. Bonde la Ufa halikuuliza mipaka.

Sayansi ya dunia ni somo gani? Kwenye ratiba silioni.

Imo ndani ya jiografia. Mfumo wa jua, muundo wa dunia, miamba, volkano, matetemeko, mmomonyoko, udongo, hali ya hewa na ramani, yote ni sayansi ya dunia. Vipande vingine vimetawanyika: mawimbi yako kwenye fizikia, asidi na kaboneti kwenye kemia, visukuku (mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe) kwenye biolojia. Matokeo yake mwanafunzi anasoma kalisi kaboneti Jumatatu, anasoma mawe ya chokaa Alhamisi, na hakuna aliyemwambia kwamba ni kitu kilekile. Walimu wa masomo haya wakikaa pamoja hata mara moja kwa muhula, nusu ya mada inakuwa nyepesi.

Shule yetu haina sampuli za miamba wala maabara ya jiografia. Tutajifunzaje kwa vitendo?

Kwa mawe. Kila mwanafunzi aje na jiwe moja, litoke popote: mtoni, kwenye eneo la ujenzi, kando ya reli, shambani. Mkiwa arobaini mna mawe arobaini, na hakuna sanduku la sampuli la kununua litakalowafaa kuliko hilo, maana kila jiwe mnajua limetoka wapi.

Vifaa: msumari, kipande cha kioo kinene kilichowekwa mezani (kisishikwe mkononi), ndimu au siki, maji, na kama ipo, lenzi ya kukuzia. Anzeni kwa kulivunja jiwe, kwa sababu uso wa nje umechakaa kwa jua na mvua na unadanganya. Mvunjaji avae miwani au alifunge jiwe kwa gunia kabla ya kugonga nyundo. Kisha mtazame sehemu mpya iliyovunjika.

Mnaona chembechembe za rangi tofauti zilizoshikana bila nafasi kati yake, nyingine zinang'aa? Hiyo inaelekea kuwa graniti. Chembe zinazong'aa na kubanduka kama magamba membamba ni ulanga. Za kijivu zinazofanana na kioo ni kwatzi, na zile nyeupe au za waridi ni feldispa. Graniti ilipoa polepole chini ya ardhi, ndiyo maana chembe zake zilipata muda wa kukua hadi zikaonekana kwa macho. Jiwe jeusi, zito, lisiloonyesha chembe yoyote, pengine lenye vitundu, linaelekea kuwa basalti, iliyopoa haraka juu ya ardhi. Vitundu ni njia za gesi. Jiwe la kusugulia visigino linalouzwa sokoni mara nyingi ni la ukoo huo, limejaa vitundu.

Sasa kwaruzeni. Kipimo cha ugumu alichokitunga Friedrich Mohs mwaka 1812 kinakwenda 1 hadi 10. Kucha ni kama 2.5, kioo 5.5, kwatzi 7, almasi 10. Jiwe likikwaruza kioo, lina kitu kigumu kuliko kioo, mara nyingi kwatzi. Msumari ukilikwaruza jiwe na kutoa unga mweupe, fikirieni chokaa au marumaru. Unga huo udondoshewe ndimu. Ukitoa mapovu madogo, hata kama ni taratibu, hiyo ni kaboneti. Ndimu ni dhaifu, kwa hiyo msikate tamaa kwenye jiwe zima; sageni kwanza. Asidi ya maabara iliyochujuliwa hufanya kazi hiyo papo hapo, ila aishike mwalimu.

Zoezi hili likifanywa vizuri linakula vipindi viwili na darasa linakuwa na kelele. Mkuu wa shule akipita, mwambieni ndiyo somo.

Nimekariri makundi matatu ya miamba, lakini nikiulizwa mifano naandika ya kwenye kitabu tu.

Andika ya kwenu. Miamba ya moto (iliyoyeyuka ikapoa): mawe makubwa ya Mwanza, likiwemo lile maarufu linalosimama majini ziwani, ni graniti, sehemu kubwa ya Kilimanjaro na Meru ni mawe ya volkano. Miamba tabaka (mashapo yaliyolundikana na kushikana): Wazo, Dar es Salaam, ambako mawe ya chokaa yanachimbwa kutengeneza saruji, mapango ya Amboni, Tanga, yaliyochongwa na maji ndani ya chokaa, makaa ya mawe ya Kiwira na Ngaka. Nyumba za Mji Mkongwe, Zanzibar, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, kwa hiyo mwanafunzi wa Unguja anaweza kusoma miamba tabaka akiwa ameegemea ukuta. Tendaguru, Lindi, ni miamba tabaka pia, na humo Wajerumani walifukua mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913. Dinosaria mmoja amesimama hadi leo kwenye jumba la makumbusho Berlin. Miamba geu (iliyobadilishwa na joto na mkandamizo): marumaru ya Morogoro, na ile miamba ya Mererani inayotoa tanzanaiti.

Msahihishaji akikutana na mifano ya namna hii anajua huyu ameelewa. Mwanafunzi wa Geita anayeandika mfano wa Ulaya huku nyuma ya shule yao kuna miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyobeba dhahabu, huwa ananisikitisha.

Kama hakuna aliyefika katikati ya dunia, mnajuaje kuna nini?

Swali zuri kuliko yote, na anayeuliza mara nyingi ni yule anayekaa nyuma. Ni kweli hakuna aliyefika. Shimo la kuchimbwa lenye kina kuliko yote, la Kola nchini Urusi, liliishia mita 12,262. Kutoka usoni hadi katikati ni kilomita 6,371. Maana yake tumetoboa ganda tu, tena hatukulimaliza.

Tunajua kwa matetemeko. Tetemeko likitokea hutuma mawimbi ya aina mbili kupita ndani ya dunia. Ya kwanza husukuma na kuvuta, nayo hupita kwenye kigumu na kimiminika. Ya pili hutikisa kwa upande, na hayawezi kupita kwenye kimiminika. Vituo vya upande wa pili wa dunia hupokea ya kwanza, ya pili hayafiki. Kuna kitu kimeyazuia njiani: kiini cha nje, ambacho ni chuma na nikeli iliyoyeyuka. Mwaka 1936 mwanasayansi wa Denmark, Inge Lehmann, alitazama mawimbi hafifu yaliyofika mahali ambapo hayakutarajiwa, akaonyesha kwamba ndani ya kiini hicho kuna kiini kingine, ambacho leo tunajua ni kigumu.

Ushahidi mwingine uko Mbozi, mkoani Songwe. Kimondo kile ni chuma kilichochanganyika na nikeli. Vimondo vya aina hiyo vinadhaniwa kuwa mabaki ya viini vya sayari ndogo zilizovunjika zamani. Ukikigusa, umegusa kitu cha jamii moja na kile kilicho kilomita elfu kadhaa chini ya miguu yako.

Halafu tusahihishe kosa moja linalojirudia kwenye madaftari: mantili, tabaka lililo kati ya ganda na kiini, siyo bahari ya uji wa moto. Ni mwamba mgumu kwa sehemu kubwa, ila kwa joto na mkandamizo huo hutiririka polepole mno, kama lami ya barabarani inavyobonyea na kusogea chini ya malori mchana wa jua kali.

Je, ni kweli Afrika inapasuka vipande viwili?

Inatanuka, ndiyo. Ganda la dunia limegawanyika katika vipande vikubwa vinavyosogea, viitwavyo mabamba. Bamba la Somalia, upande wa mashariki, linaachana na bamba la Nubia, lililobeba sehemu kubwa ya Afrika, kwa milimita chache kwa mwaka, chini ya sentimita moja. Bahari ya Shamu ilianza hivyohivyo Arabia ilipojitenga na Afrika. Kama mwendo huu ukiendelea, bahari itaingia, lakini tunazungumzia mamilioni ya miaka. Usiuze shamba.

Machi 2018 picha za ufa mkubwa karibu na Mai Mahiu, Kenya, zilizunguka kwenye simu na watu wakatangaza bara limekatika. Wanajiolojia wengi walieleza kwamba mvua kubwa ndiyo iliyosomba majivu laini ya volkano yaliyojaa chini ya eneo lile. Ufa wa mmomonyoko siyo ufa wa bamba. Tofauti hiyo inafaa swali zima la insha.

Ziwa Victoria ni kubwa kuliko Tanganyika. Mbona Tanganyika ndilo lenye kina?

Yamezaliwa tofauti. Tanganyika limekaa ndani ya ufa: ardhi ya katikati ilizama kati ya kingo mbili, maji yakajaa. Kina chake hufika mita 1,470, la pili duniani baada ya Ziwa Baikal la Urusi, na sakafu yake iko karibu mita 700 chini ya usawa wa bahari. Victoria liko kwenye bonde pana lisilo na kina kati ya matawi mawili ya Bonde la Ufa, ambako ardhi ilibonyea kingo za magharibi zilipoinuka na kurudisha mito nyuma. Pale penye kina zaidi ni kama mita 80 tu. Chora mkato wa kila ziwa ubavuni kwa ubavu na hutasahau.

Kilimanjaro italipuka? Na volkano hai ya Tanzania ni ipi?

Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, imelala. Bado gesi ya salfa hutoka kwenye shimo la kileleni, ndiyo maana hatuiweki kwenye kundi la zilizokufa, lakini hakuna dalili ya kuamka. Mawenzi na Shira, sehemu nyingine mbili za mlima huo, ndizo zilizokufa. Meru ilitoa milipuko midogo mwaka 1910.

Iliyo hai kwelikweli ni Ol Doinyo Lengai, kusini mwa Ziwa Natron, ambayo Wamaasai huiita Mlima wa Mungu. Mwalimu asiipite kwa sentensi moja. Lava ya kawaida ya basalti huwa na joto la nyuzi 1,100 hivi au zaidi. Lava ya Lengai ina nyuzi 500 hadi 600 tu, ni nyepesi kutiririka, na mchana huonekana nyeusi au ya kahawia badala ya kuwaka nyekundu. Imejaa sodiamu na kaboneti, hivyo ikikutana na unyevu hubadilika kuwa nyeupe ndani ya muda mfupi. Weupe ule wa kileleni wageni hudhani ni theluji. Hakuna volkano nyingine hai duniani inayotoa lava ya namna hiyo. Mwaka 2007 ilibadili tabia, ikalipuka kwa majivu hadi 2008. Kuna wanafunzi wanaoweza kutaja volkano za Italia na Japani bila kuijua hii, na kosa hilo ni letu walimu.

Tetemeko likitokea tukiwa darasani tufanye nini?

Ingia chini ya dawati, linda kichwa na shingo, shikilia mguu wa dawati mpaka mtikisiko uishe. Usikimbilie ngazi wala mlango wakati jengo linatikisika. Wengi huumia kwa matofali na vioo vinavyoanguka nje ya mlango. Ukiisha, tokeni kwa utaratibu hadi kiwanjani, mbali na kuta na nguzo za umeme, na msirudi ndani kwa sababu mitikisiko mingine hufuata.

Mkoa wa Kagera unajua. Tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na dakika 27 alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliitikisa Bukoba. Watu zaidi ya kumi na watano walifariki na majengo ya shule za sekondari Ihungo na Nyakato yaliharibika vibaya. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, siyo siku ya vipindi.

Kuhusu namba: ukubwa hupima nguvu iliyotoka kwenye chanzo, kwa hiyo tetemeko moja lina ukubwa mmoja. Makali ni jinsi lilivyohisiwa mahali fulani, nayo hubadilika kutoka Bukoba hadi Mwanza. Ukipanda namba moja ya ukubwa, nishati huongezeka kama mara 32. Hili huulizwa sana na hukosewa sana.

Kilichotokea Hanang mwaka 2023 kilikuwa volkano?

Hapana. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima iliyokuwa imelowa na kulegea iliporomoka, ikashuka kwenye makorongo ikiwa tope, mawe na magogo hadi mji wa Katesh. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Uvumi wa volkano ulienea kwa sababu Hanang yenyewe ni volkano ya zamani, na watu wakiona matope yanashuka mlimani hufikiria hilo kwanza. Serikali ilikanusha baada ya wataalamu kwenda.

Darasani jiulize: mteremko ulikuwaje, miamba imechakaa kiasi gani, maji yaliingilia wapi, nyumba zilijengwa wapi. Maswali hayo manne unaweza kuyapeleka Uluguru, Usambara au Lushoto mjini ukapata kazi ya utafiti kamili.

Kwenye ramani ndiko ninakopoteza alama. Nianzie wapi?

Anzia kwenye skeli. Ramani nyingi za mtihani ni za 1:50,000: sentimita 2 kwenye karatasi ni kilomita 1 ardhini. Kila mraba wa gridi ni kilomita moja kwa moja. Eneo la ziwa au msitu? Hesabu miraba mizima, kisha iliyokatwa igawe kwa mbili, jumlisha. Jibu ni kilomita za mraba tayari.

Mteremko unawatisha wengi bure. Chukua sehemu A yenye mwinuko wa mita 1,240 na B yenye mita 1,400. Tofauti ni mita 160. Kwenye ramani umepima sentimita 6.4, ambazo ni mita 3,200. Gawa 160 kwa 3,200, unapata 1 kwa 20. Yaani ukitembea mita 20 unapanda mita 1. Makosa huwa mawili: kuacha kubadili vizio vilingane, na kuandika jibu kwa desimali.

Namba za gridi, mashariki kwanza, kaskazini baadaye. Kila wakati. Na kontua (mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa) zilizobanana ni mteremko mkali, zilizoachana ni mteremko wa taratibu. Hilo usilikariri, lishike kwa kidole kwenye ramani ya mahali unapopajua.

Kipimamvua tunaweza kutengeneza wenyewe?

Mnaweza. Chupa ya plastiki yenye kuta zilizonyooka, ikatwe juu, sehemu ya mdomo igeuzwe iwe faneli. Chini palipo na mabonde jazeni mawe madogo na maji hadi alama ya sifuri. Iwekwe wazi, mbali na miti na paa, isomwe kila siku saa tatu asubuhi. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Darasa lililoandika vipimo tangu vuli hadi masika lina takwimu zake lenyewe za kuchorea grafu.

Mnasema dunia ina miaka bilioni 4.5. Mnapimaje? Na imani yangu?

Urani hugeuka kuwa metali ya risasi kwa mwendo unaojulikana. Nusu ya urani-238 huisha kwa miaka bilioni 4.47. Ukipima kilichobaki na kilichozaliwa, unapata umri. Clair Patterson alifanya hesabu hiyo kwa vimondo mwaka 1956 na jibu lake halijasogea sana tangu hapo. Kuhusu imani, darasani kwangu wapo Waislamu na Wakristo, na wote hujibu swali la urani sawasawa. Mazungumzo mengine ni ya nyumbani na ya viongozi wa dini, siyaingilii.

Mtihani ni wa Kiingereza, ninachoelewa ni Kiswahili.

Elewa kwanza kwa Kiswahili, bishana na mwenzako kwa Kiswahili, kisha andika kwa lugha ya mtihani. Na chora. Mchoro wa volkano au wa ufa wenye majina sahihi hukuokoa sehemu ambayo sentensi zimekukimbia.

Mzazi: mtoto akipenda haya mambo atafanya kazi gani?

Mjiolojia, mhandisi wa migodi, mtafutaji wa maji ya visima, mpima ardhi, mtaalamu wa hali ya hewa, mtaalamu wa udongo. Wapo waajiri wa serikali kama Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini na Mamlaka ya Hali ya Hewa, na zipo kampuni za madini na gesi. Kwa ngazi ya cheti na diploma kipo Chuo cha Madini Dodoma. Onyo moja: mara nyingi shahada ya jiolojia inadai fizikia, kemia au hisabati kidato cha sita, kwa hiyo anayechagua HGL (historia, jiografia na Kiingereza) kwa sababu ya mapenzi ya jiografia anaweza kukuta mlango umefungwa. Someni mwongozo wa udahili kabla ya kujaza tahasusi (kundi la masomo ya kidato cha tano na sita).

Naruhusiwa kuokota mawe na kuyatunza?

La barabarani, mtoni au shambani kwenu, okota. Ndani ya hifadhi usiguse. Visukuku na zana za mawe za kale vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Ukiviona piga picha, viache palepale, toa taarifa kwa mwalimu au ofisi ya kijiji. Vito na dhahabu vinahitaji leseni. Kwa yale uliyookota, andika namba juu ya jiwe kwa rangi ya kucha na wino, na kwenye daftari andika namba hiyo, mahali, tarehe na nani aliokota. Jiwe lisilojulikana lilikotoka rudisha mtoni.